VITABU VYA NYUMBANI: Mwimbaji Aliyekuwa Askari Mtoto



Mwezi huu twataka kuwapa habari za kitabu ambacho mwenye kukitunga si mwalimu wala si padre, bali ni mwimbaji. Jina lake Emmanuel Jal, mtu wa kabila la Wanuer wa Sudani ya Kusini. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka wa 2009 kwa Kiingereza, kikaitwa War Child, maana yake Mtoto wa Vita. Katika kukiandika alisaidiwa na mwandishi mwanamke aitwaye Megan Lloyd Davies, lakini maisha yanayosimuliwa ni yake mwenyewe, na asemaye ndani yake ni yeye.

Tumekichagua kwa sababu tatu. Ya kwanza ni hii: waimbaji wa nchi zetu husikiwa na wengi, lakini ni wachache walioketi wakaandika maisha yao kwa mkono wao. Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa kijijini Fumba, akauza vyungu, kisha akavuka bahari mwaka wa 1928 kwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri, aliandikiwa wasifu wake na Shaaban Robert. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu katika Kongo, aliyewaimbia wanyonge mjini Dar es Salaam, na katika miaka yake ya mwisho akageukia nyimbo za Injili, alifariki tarehe 13 Desemba 2010; na habari zake twazisoma zaidi kwa kalamu za watu wengine. Huyu Jal amejisimulia mwenyewe. Sababu ya pili ni kwamba alilelewa na Nairobi, akaimba na kwa Kiswahili pia. Kwa hiyo ni jirani yetu. Ya tatu ndiyo iliyo kubwa: kitabu hiki chaeleza jinsi chuki inavyoingia katika moyo wa mtoto, na jinsi inavyoweza kutoka. Jambo hilo sisi watu wa Mara hatuwezi kusema kwamba halituhusu.

UTOTO WAKE

Jal alizaliwa yapata mwaka wa 1980 huko Tonj. Twasema yapata, kwa kuwa hata mwenyewe haijui siku yake. Wazee wetu watamwelewa vema, wao wahesabuo umri wao kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige.

Mwaka wa 1983 vita ya pili ya Sudani ilianza. Serikali ya Khartoum ilikuwa imewaondolea watu wa Kusini haki ya kujitawala katika mambo yao, ikatangaza sheria ya Kiislamu kwa nchi nzima. Tena mafuta yalikuwa yameonekana chini ya ardhi ya Kusini. Watu wa Kusini wakaunda jeshi, SPLA, chini ya John Garang. Vita ile iliendelea miaka 22, na wahesabuo wanakadiria kwamba watu wapatao milioni 2 walikufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi.

Baba yake Jal aliingia katika jeshi hilo. Mama yake, mwanamke Mkristo, aliuawa na askari wa upande wa serikali mtoto akiwa na umri wa miaka kama saba. Ndipo alipofuatana na maelfu ya watoto wengine kwenda nchi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia, kwa sababu waliambiwa kwamba huko kuna shule. Wazazi na walimu, jambo hili litafakarini. Watoto wale hawakuvutwa kwa kuahidiwa bunduki. Waliahidiwa kalamu. Kiu yao ya kujifunza ndiyo iliyofanywa mtego.

Katika kambi ya Pinyudo wageni wa mashirika ya misaada walipofika waliona wakimbizi wadogo na darasa. Lakini watoto wengi, naye Jal akiwamo, walichukuliwa msituni kufundishwa gwaride na kupiga bunduki. Akapewa AK-47, iliyokuwa nzito kwa mikono yake. Hakuficha kitabuni kile kilichokuwa moyoni mwake siku zile: alitamani kuwaua Waarabu na Waislamu wengi kadiri awezavyo, kwa kuwa mama yake amekufa na kijiji chake kimeteketezwa. Haikuhitajika kumfundisha shabaha tu; alifundishwa na kuchukia, naye akawa mwanafunzi mwepesi.

Mwezi wa Mei 1991 serikali ya Mengistu Haile Mariam ikaanguka huko Ethiopia, na wakimbizi wa Sudani wakalazimika kurudi kwao mbio. Jal akarudishwa vitani, hata karibu na mji wa Juba. Mwisho yeye na wenzake wengi walitoroka, wakashika njia ya porini kuelekea Waat. Safari ile ilichukua miezi. Chakula kiliisha, maji yakaisha, wakafa mmoja mmoja njiani, na waliofika walikuwa wachache.

Hapa kitabu kina ukurasa mgumu, nasi hatutaupita kana kwamba haupo. Kijana huyu asimulia kwamba njaa ilimfikisha mahali pa kuutazama mwili wa mwenzake kama chakula. Usiku ule alimwomba Mungu wa mama yake ampe kitu cha kula. Kesho yake akaonekana kunguru, wakampiga risasi, wakala. Hatusemi zaidi ya hayo kuliko asemavyo mwenyewe. Ila msomaji anayekumbuka habari za nabii Eliya penye kijito cha Kerithi, jinsi kunguru walivyomletea chakula, atakaa kimya kidogo kabla ya kufunua ukurasa wa pili.

EMMA NA NAIROBI

Huko Waat alimkuta mwanamke Mwingereza, jina lake Emma McCune, aliyekuja Sudani ya Kusini kusaidia shule za vijijini. Emma alimtwaa mtoto yule, akamficha katika ndege ya misaada, akamfikisha Nairobi akamtia shuleni. Haikuchukua muda mrefu. Tarehe 24 Novemba 1993 Emma aligongwa na gari mjini Nairobi, akafa akiwa na umri wa miaka 29, tena ni mjamzito. Jal akawa yatima mara ya pili. Rafiki wa Emma walimsaidia kusoma, lakini kuna nyakati alizoishi katika vitongoji vya mafukara wa mji ule, pasipo uhakika wa chakula cha jioni.

Twaomba msomaji atambue jambo moja. Emma alikuwa ameolewa na Riek Machar, mkuu wa kundi lililojitenga na jeshi la Garang mwaka wa 1991. Mwaka uleule watu wa upande wa Machar waliushambulia mji wa Bor, na Wadinka wengi wasio na silaha wakauawa. Basi mwanamke aliyemwokoa mtoto mmoja na vita alikuwa mke wa jemadari wa vita. Sisi hupenda hadithi ambazo wema wamekaa upande huu na waovu upande ule. Maisha hayakupangwa hivyo, na kitabu hiki, kwa uaminifu wake, hakikuyapanga. Yatupasa kumshukuru aliyetenda wema bila kusema kwamba kila kilichokuwa karibu naye kilikuwa chema.

KAZI YA UIMBAJI

Jal hakusomea muziki. Alianza kuimba Nairobi kwa sababu usiku alisumbuliwa na ndoto za vita, akaona kwamba akiimba maumivu hupungua. Akaandaa matamasha ya kuwasaidia wakimbizi wenzake na watoto wa mitaani. Wimbo wake wa kwanza kujulikana ulikuwa wimbo wa kumtukuza Yesu, ukapendwa sana katika Kenya.

Namna aliyoishika ni ile iitwayo rapu, yaani kughani maneno kwa haraka juu ya mdundo. Wazee wengine watakunja uso. Lakini mtu aliyewahi kusimama ngomani kwetu akasikia majigambo hatalikuta jambo geni kabisa. Mwaka wa 2005 ilitoka santuri yake iitwayo Gua. Neno hilo kwa Kinuer ni amani, na kwa Kiarabu cha Sudani ni nguvu. Ndani yake mlichanganywa Kiarabu, Kiingereza, Kiswahili, Kidinka na Kinuer. Angalieni: Wadinka na Wanuer walikuwa wameuana kwa miaka mingi, na Kiarabu ndiyo lugha ya watu aliotaka kuwaua. Amezikalisha lugha zote hizo katika chungu kimoja.

Mwaka uleule alitoa santuri nyingine pamoja na Abdel Gadir Salim, mwimbaji mashuhuri na mpiga udi wa Sudani ya Kaskazini, naye ni Mwislamu. Waliiita Ceasefire, maana yake kusimamisha mapigano. Mapatano ya kumaliza vita ya Sudani yalitiwa sahihi mjini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Wakubwa walitia sahihi kwa wino. Hawa wawili, mzee wa Kaskazini na kijana wa Kusini, walitia sahihi kwa sauti zao. Mtoto aliyetamani damu ya Waarabu sasa alikuwa akipokezana ubeti na Mwarabu. Laiti kitabu kingalikuwa na habari hii peke yake, kingalistahili kusomwa.

Baada ya hapo milango ikafunguka. Tarehe 2 Julai 2005 aliimba huko Cornwall, Uingereza, katika matamasha ya Live 8 ya kudai mataifa maskini yapunguziwe mzigo wa madeni. Tarehe 27 Juni 2008 aliimba London mbele ya halaiki katika sherehe ya miaka 90 ya Nelson Mandela. Mwaka huo wa 2008 ilitoka santuri Warchild, na sinema ya maisha yake yenye jina hilohilo. Katika santuri ile mna wimbo wa kumshukuru Emma. Na mna wimbo mwingine wa kumkemea 50 Cent, mwimbaji tajiri wa Marekani, kwa kuwaonyesha watoto mauaji kama mchezo. Yeye aliyebeba bunduki utotoni alijua anachokikemea. Baadaye alihamia Toronto katika Kanada, na mwaka wa 2018 alitoa santuri iitwayo Naath pamoja na dada yake Nyaruach, ambaye vita ilikuwa imemtenga naye.

KUPIGANIA HAKI

Wako waimbaji wanaoimba juu ya taabu, kisha wakashuka jukwaani wakaenda zao. Jal alishuka jukwaani akaingia kazini. Alisimama pamoja na chama cha Amnesty International na wenzao waliodai biashara ya silaha iwekewe sheria. Sheria hiyo, yaani mkataba wa mataifa juu ya biashara ya silaha, ilipitishwa katika Umoja wa Mataifa tarehe 2 Aprili 2013. Alisema pia kwa ajili ya watoto wanaotiwa jeshini. Mkataba wa kukataza watoto wasiotimiza miaka 18 kupelekwa mstari wa mbele ulianza kuwa na nguvu tarehe 12 Februari 2002, na kila mwaka siku hiyo hukumbukwa kwa ajili ya watoto hao.

Lakini lililotugusa zaidi ni jambo la tumbo lake. Mwezi wa Desemba 2008 aliazimu kula mlo mmoja tu kwa siku mpaka apate fedha za kujenga shule huko Leer, katika nchi ya Wanuer, kwa kumbukumbu ya Emma. Aliendelea hivyo siku zaidi ya 600. Aliyewahi kufa njaa bila kupenda alishika njaa kwa kupenda, ili wengine wasome. Twajua kufunga kwa siku arobaini. Sasa na tuhesabu siku mia sita. Kambi ya Pinyudo ilitumia jina la shule kuwapata askari. Yeye alilirudishia jina lile heshima yake.

IMANI YAKE

Msomaji asitazamie kitabu cha mahubiri. Imani ya Jal yaonekana kitabuni kama mtu anayepanda mlima usiku: mara aona taa, mara haoni. Kwanza ni Mungu wa mama yake, aliyemjua kwa kusikia tu. Kisha ni Mungu aliyemwita porini wakati hakuna mwingine wa kumwita. Kisha ni Yesu aliyemwimbia Nairobi. Hata baada ya wimbo ule ndoto mbaya zilimrudia, na hasira ikamrudia. Hatuoni popote kwamba siku moja alisamehe, na kesho yake yakawa yamekwisha. Alilazimika kusamehe leo, na kesho tena, na kesho kutwa tena.

Twasema haya kwa ajili ya wale miongoni mwetu wanaohuzunika kwamba waliomba toba wakabatizwa, lakini moyo bado wachemka wamwonapo mtu fulani sokoni. Msikate tamaa wala msijidanganye. Petro aliuliza hesabu ya kusamehe, akapewa hesabu isiyokwisha. Pengine sababu yake ni hii, kwamba kosa moja huhitaji kusamehewa mara nyingi, kila linaporudi katika kumbukumbu.

MASWALI AMBAYO TWAJUA MTAULIZA

La kwanza, mwalimu mmoja atauliza: je, muziki huu wa dunia wafaa katika nyumba ya Kikristo? Twajibu kwamba uzi wa litungu hauna dhambi. Litungu la Kikurya lina nyuzi nane. Kwa nyuzi hizohizo mtu aweza kuwachochea vijana kwenda kuteka ng'ombe, na mwingine aweza kumliwaza mfiwa. Daudi alipiga kinubi mbele ya Sauli, roho mbaya ikamwacha; na kinubi kile kilitengenezwa kwa mti na nyuzi kama vinubi vya karamu za walevi. Tuulize maneno yanasema nini, na mwimbaji anaishije akishuka jukwaani. Hayo ndiyo mizani.

La pili, mzazi atauliza: je, nimpe mtoto wangu kitabu hiki? Twajibu: mtoto mdogo, hapana. Mna mauaji ndani yake na mambo ya aibu waliyotendewa wanawake. Mzazi au mwalimu ajuaye Kiingereza akisome kwanza yeye, kisha awasimulie wadogo kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, akichagua kwa hekima. Kijana mkubwa, ndiyo, lakini asome karibu na mtu mzima wa kumwuliza.

La tatu ni zito. Mtu aliyefiwa katika ugomvi atasema: kusamehe ni rahisi kwa mwandishi, lakini damu ya ndugu yangu nani atailipa? Hatutamjibu kwa haraka. Jal alisamehe, lakini hakuacha kudai haki. Alizunguka dunia akisema wauzao silaha wazuiwe na wawatiao watoto jeshini wahukumiwe. Kusamehe si kusema kwamba neno halikutendeka. Ni kukataa kulilipa kwa mkono wako, na kumkabidhi mtenda kwa hukumu ya haki, ya serikali na ya Mungu.

Tena samahani ya mdomo peke yake haitoshi, na historia ya nchi yake yatuonyesha. Sudani ya Kusini ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Mwaka huo Machar aliomba radhi kwa ajili ya Bor, miaka 20 baada ya mauaji. Lakini mwezi wa Desemba 2013 vita mpya ikawaka baina ya upande wake na upande wa Rais Salva Kiir, Wanuer na Wadinka wakauana tena, na mwanzoni mwa mwaka wa 2014 mji wa Leer wenyewe ukachomwa moto. Chuki ni kama moto wa makumbi: juu waona majivu, chini unaendelea. Asiyechimbua hadi chini atashangaa siku ya upepo.

NA SISI TULIO MARA

Wilayani Tarime koo zimepigana mara nyingi kwa ajili ya mipaka ya ardhi na ng'ombe walioibwa, hata serikali ikaweka mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Sisi wa Serengeti hatuna haki ya kunyosha kidole. Nasi twajua sauti ya yowe la usiku, na twajua nyayo za ng'ombe zikifuatwa alfajiri na watu wenye pinde na mishale.

Polisi wana kazi yao, nao wazee wa mila wana yao. Lakini iko kazi ambayo polisi hawezi kuifanya, nayo hufanyika karibu na mafiga, jioni, ugali ukisongwa. Ni pale baba anapomwambia mwanawe, ukoo ule ndio uliomuua babu yako, usisahau. Mtoto hana habari za mpaka wala za ng'ombe. Hamjui hata mtu mmoja wa ukoo ule. Lakini tangu jioni ile ana adui. Akifika miaka kumi na mitano atapewa upinde, na sisi tutashangaa kwamba ameushika vizuri.

Hatuna Pinyudo hapa Nyambureti. Lakini kila nyumba inayomfundisha mtoto jina la adui kabla hajajua kuandika jina lake mwenyewe ni kambi ndogo, hata ikiwa na msalaba ukutani.

Wazazi, habari za waliokufa simulieni, maana si vema kuwasahau. Lakini msiishie kifoni. Simulieni pia siku watu wa koo mbili walipokaa wakala pamoja, na yule mama wa upande wa pili aliyemficha mtoto wenu siku ya mapigano. Habari kama hizo zipo. Ila hatuzisimulii kwa bidii ile tunayosimulia vifo. Emma mmoja alibadili maisha ya mtoto mmoja, na mtoto yule akaandika jina lake katika wimbo. Wangapi kwetu walitenda vivyo hivyo, na hakuna aliyewatungia hata ubeti?

Walimu, mnao watoto wa koo mbalimbali katika dawati moja. Msione jambo hilo kuwa dogo. Wapeni kazi ya kufanya pamoja, wala msimwache mtoto aitwe kwa jina la ugomvi wa baba yake. Na mlinde shule isiwe uongo. Mtoto aliyeahidiwa kusoma, kisha akakuta mwalimu hayupo na kitabu hakipo, yu tayari kumfuata yeyote atakayemwahidi jambo jingine.

Waimbaji wa kwaya, mna sauti nzuri, na nyimbo nyingi za mbinguni. Tungeni na za hapa. Tungeni wimbo wa mpaka wa shamba, wa ng'ombe aliyerudishwa kwa mwenyewe, wa majirani waliopatana. Na kama kwaya mbili za koo zisizosalimiana zingeweza kusimama mahali pamoja zikapokezana beti, kama walivyofanya yule Mwislamu wa Kaskazini na yule kijana wa Kusini, watu wangekuja kusikia hata wasiokuja kanisani.

MAZUNGUMZO YA NYUMBANI

Kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, twaweka maswali machache, baba au mama awaulize walioketi baada ya sala ya jioni, na kila mtu apewe nafasi ya kujibu, wadogo pia:

1. Watoto wa Sudani waliahidiwa nini hata wakaacha kwao? Je, watoto wa kwetu huvutwa kwa ahadi gani?

2. Kwa nini Jal aliimba pamoja na mtu wa kabila na dini ya wale aliowachukia? Wewe ungeweza kufanya kazi gani pamoja na mtu wa nyumba msiyopatana?

3. Kula mlo mmoja kwa siku kwa ajili ya shule ni jambo kubwa. Sisi nyumba hii twaweza kujinyima nini kidogo, ili mtoto mmoja wa jirani apate daftari na sare?

4. Babu na bibi wana wimbo gani wa zamani wa kupatanisha watu? Mwenye kuujua auimbe, na mwenye kalamu auandike kabla haujapotea.

Swali hili la nne twalisisitiza. Jal aliandika maisha yake akiwa kijana bado, kwa kuwa alikwisha ona jinsi watu wanavyokufa na habari zao. Wapiga litungu wetu ni wazee. Wakiondoka hatutakuwa na kitabu cha kuwaulizia. Enyi vijana mliosoma, chukueni daftari mkakae miguuni pao, mkawaulize walizaliwa lini, walifundishwa na nani, waliimba wapi, na ni wimbo gani waliokataa kuuimba walipoombwa, na kwa nini. Jibu la swali hilo la mwisho litawaambia habari nyingi za imani ya mtu.

Mungu azibariki nyumba zenu, na awalinde watoto wetu wasitiwe mikononi silaha ambazo hawakuziomba, za chuma wala za maneno. Tuonane mwezi ujao, Mwenyezi akipenda.